Injini Inayozimika Bila Dalili na Suala la Sababu

Taa ya injini isipowaka, kinachojulikana ni kimoja tu: kompyuta ya gari haijaona kosa la kutosha kuiwasha taa hiyo. Kwamba injini ni nzima, hilo halijathibitishwa na yeyote. Wanazuoni wa mantiki waliliwekea jambo hili kanuni tangu zamani: kutoonekana kwa kitu hakuthibitishi kutokuwepo kwake, ila pale ambapo kitu hicho, lau kingekuwepo, kingelazimika kuonekana. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo linalosahauliwa mara mashine ya kupimia inapochomekwa ikaonyesha kwamba hakuna hitilafu.

Katika gari za mtumba kutoka Japani, ambazo Pemba zimejaa, yapo maradhi ambayo kompyuta haina njia ya kuyaona. Mfano ni gari ya abiria inayopanda vilima baina ya Chake Chake na Wete saa saba mchana. Inazimika ghafla, inakaa robo saa, kisha inawaka kama kwamba hapakuwa na lolote. Huenda ndani ya sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, mna waya mwembamba uliokatika. Ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana. Kompyuta ikikosa ishara ya sensa hiyo mara nyingi hufahamu kwamba injini haizunguki, na kutozunguka si kosa la kuandikwa, kwa kuwa kila gari iliyoegeshwa iko katika hali hiyohiyo. Relei kuu ikiachia, kompyuta yenyewe hukosa umeme, na aliyezimia hawezi kutoa ushahidi wa kuzimia kwake. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo mara nyingi haina wa kuisemea, kwani gari nyingi za aina hii hazina kipimo cha msukumo wa petroli: kompyuta huamrisha, isijue kama mafuta yamefika. Kutu ya hewa ya bahari kwenye waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi inaweza kuleta hali hiyo pia.

Hapa usuli wa fiqhi unafaa kuliko inavyodhaniwa, maana sehemu muhimu ya elimu hiyo ni kutafuta sababu iliyofichika ya hukumu iliyo wazi. Njia yake mojawapo ni sabr na taqsim: hukusanywa kila kinachoweza kuwa sababu, kisha kimoja kimoja huondolewa kwa hoja mpaka kibakie kisichoondoka. Udhaifu wake unajulikana. Orodha ikiwa pungufu, kilichobakia si lazima kiwe ndicho. Kwa injini ya petroli orodha ya mwanzo ni fupi na inafungika: moto wa plagi, mafuta, hewa na kompresheni, kila kimoja kwa wakati wake. Ndiyo maana fundi mzuri hutaka kuikuta gari ikiwa bado imekataa kuwaka. Akiona plagi haitoi moto na petroli iko, nusu ya orodha imeanguka kwa dakika chache. Gari ikishapoa na kuwaka, ushahidi nao umeondoka.

Njia ya pili ni dawaran, yaani hukumu kuja na sababu yake na kuondoka nayo. Mfano unaosomeshwa ni wa maji ya zabibu: halali yakiwa maji, haramu yakilevya, halali tena yakigeuka siki. Mwingereza John Stuart Mill alipochapisha kanuni zake za kutafuta sababu mwaka 1843, wanausuli walikuwa wameshalijadili jambo hili kwa zaidi ya miaka 700, na wameshalikosoa. Imamu Al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu chake Al-Mustasfa, alikumbusha kwamba hata harufu ya mvinyo huja na ulevi na huondoka nao, wala harufu siyo iliyoharamisha.

Joto la mchana katika gari ile lina hukumu ya harufu hiyo. Gari inazimika ikipata joto, ni kweli. Lakini joto huigusa sensa, koili, relei na pampu kwa pamoja. Kubadilisha sensa kwa hoja hiyo peke yake ni kubahatisha. Dalili hupata nguvu kitu kimoja kinapotengwa: kitambaa cha maji baridi kiwekwe juu ya sensa tu, injini iwake, sensa tu ipashwe moto, injini izime. Mshale wa mizunguko nao husaidia. Ukianguka hadi sifuri kwa mara moja ilhali gari bado inakwenda, tuhuma huelekea upande wa sensa au umeme. Injini ikikohoa na kupoteza nguvu kidogo kidogo, huelekea kwenye mafuta.

Swali la itikadi linafuata. Al-Ghazali huyohuyo, katika Tahafut al-Falasifa, alikanusha kwamba moto unaunguza pamba kwa nguvu yake wenyewe. Mwenye kuunguza ni Mwenyezi Mungu, na tunachokiona ni ada aliyoipitisha. Mwanafalsafa Ibn Rushd (1126–1198) alimjibu kwamba mwenye kuondoa sababu ameiondoa akili. Mzozo huo ni mkubwa, na Waislamu wa Pemba, walio wengi Mashafii, wamerithi zaidi msimamo wa kina Al-Ghazali. Hata hivyo kwa fundi tofauti haipo. Ada ya Mungu ndiyo inayosomwa kwenye sensa, na katika kitabu chake Ihya, Al-Ghazali anasema wazi kwamba kuacha sababu zisizo na shaka, kama asiyenyoosha mkono kukitwaa chakula kilicho mbele yake, si tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, bali ni upungufu wa akili.

Wapo watakaosema gari imehusudiwa. Hadithi sahihi imethibitisha kwamba jicho ni kweli, na makala haya hayapingi hilo. Lakini kimya cha mashine si ushahidi wa hasadi kama kisivyokuwa ushahidi wa uzima. Kuruka kutoka kwenye kimya hicho mpaka kumtuhumu jirani ni kuifunga orodha kabla haijajaa, tena kwa dhana mbaya iliyokatazwa katika Suratul Hujurat.

Yote haya yana athari katika malipo. Ijara, yaani mkataba wa kukodi kazi, inataka kazi ijulikane, na hapa haijulikani. Vitabu vya Kishafii, kikiwemo Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, vina mlango wa ju'ala, ambao unakubali kazi isiyojulikana kiasi chake na ujira hustahiki kazi ikitimia. Huo unafaa zaidi. Fundi anaweza kujaribu kifaa kwa dhana, mradi aseme ni dhana na mwenye gari aridhie gharama yake. Akiiuza dhana kwa bei ya yakini, hiyo ni ghushi. Na kutimia kwa kazi kuelezwe mapema: gari kuwaka gereji hakutoshi, kwa kuwa maradhi haya hujificha gereji. Iendeshwe ikiwa na abiria, mchana, kwenye vilima vilevile, kwa idadi ya safari iliyokubaliwa na pande mbili kabla ya boneti kufunguliwa.