Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili hutamkwa kwa furaha mlangoni, walakini lina hukumu ndani yake: kipimo cha mgeni mwema si faida anayoondoka nayo, bali ni uzima anaomwachia mwenyeji. Leo twawaalika wasomaji wetu walipime kwa neno hilo jambo lililotendeka mbali nasi, katika Bahari ya Pasifiki, ambalo swali lake halijafa.

Tarehe 1 Machi 1954, Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilikuwa kama ya tani milioni 15 za baruti, zaidi ya maradufu ya ile waliyoitazamia. Saa chache baadaye majivu meupe yalianguka juu ya Rongelap, yapata kilomita 160 upande wa mashariki, na watoto wakayachezea. Kisha watu wakaanza kuwashwa na kutapika. Siku mbili zikapita ndipo walipochukuliwa na kupelekwa kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Kwajalein.

Siku chache baadaye madaktari na wataalamu wakaletwa kambini hapo kutoka Marekani. Waliwaangalia wagonjwa na vidonda vyao, wala hapana aliyekufa kwa ugonjwa ule wa kwanza. Haki yao tuwape. Lakini wageni hao walikuwa na kazi ya pili, iliyoandikwa katika hati za siri kwa jina la Mradi 4.1: kuchunguza jinsi mwili wa binadamu unavyopatwa na mionzi ya majivu ya bomu. Wakatoa damu, wakapima mkojo, wakapiga picha, wakaandika habari za nywele zilizonyonyoka.

Basi, je, yafaa mtu mmoja awe daktari wa mgonjwa na papo hapo awe mchunguzi wake?

Wako watakaojibu ya kwamba yafaa, na hoja yao si nyepesi. Elimu yote ya uganga imetoka kwa wagonjwa waliotazamwa kwa makini. Msiba ulikuwa umekwisha kutokea. Kutojifunza lolote kwao kungalikuwa hasara juu ya hasara. Hayo twayakubali. Kosa halimo katika kujifunza.

Kosa limo katika kuficha. Mgonjwa humpa daktari mkono wake kwa sababu aamini ya kwamba sindano ile ni kwa ajili yake. Ikiwa ni kwa ajili ya mwingine, hana budi kuambiwa, tena aambiwe kwa lugha aijuayo, naye awe na uwezo wa kukataa. Jambo hili halikuwa geni kwa Wamarekani: mahakama yao huko Nuremberg, mwaka 1947, ilipowahukumu madaktari wa Hitler, iliweka ridhaa ya mtu kuwa sharti la kwanza la uchunguzi wowote juu ya mwili wake. Na kambini, ambako askari ndiye mwenye lango, mashua na chakula, mtu asiye na kwao pa kurudi atakataaje?

Matunda ya kuficha yalionekana. Mwaka 1957 watu wa Rongelap walirudishwa kisiwani mwao, wakiambiwa ya kwamba ni salama, na madaktari wakawa wakija kuwapima. Wengi wa wale waliokuwa watoto mwaka 1954 walipata uvimbe wa tezi ya shingo. Imani ikafa. Mwaka 1985 walikihama kisiwa chao wenyewe, kwa hofu ya mionzi. Mwaka 1995 kamati iliyowekwa na Rais wa Marekani haikuona ushahidi wa kwamba majivu yaliangushwa juu yao kwa kusudi. Lakini iliona ya kwamba tiba na utafiti vilichanganywa.

Tanganyika na Visiwa vya Marshall vilikuwa vyote nchi za udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wameru walipeleka malalamiko yao ya ardhi huko mwaka 1952. Watu wa Marshall wakapeleka ombi lao mwaka 1954. Kwa hiyo kilio chao si lugha ngeni kwetu.

Nasi leo twapokea wageni wa namna hiyo: mwanafunzi mwenye daftari la maswali, mtaalamu mwenye chupa za damu. Wengi wao ni watu wema, na dawa tunazomeza zimetokana na kazi kama yao. Tusiwafukuze. Ila kila baba na mama awafundishe watoto wake kuuliza kwa adabu, kabla ya kunyosha mkono: Damu hii ni kwa tiba yangu au kwa elimu yako? Naweza kukataa, nisinyimwe dawa? Utakayoyagundua, utarudi kunieleza?

Mgeni mwema hatachukizwa na maswali hayo, kwani alikuja ili mwenyeji apone.