Kabla ya Kwale Kuruka

Walowezi wa Kiholanzi waliofika kusini mwa Afrika, na wazao wao baada yao, walimkuta huko ndege wa vichakani mwenye miguu myekundu, apendaye kukimbia kuliko kuruka. Wakamwita *fisant*, jina la ndege mwingine kabisa: yule mwenye mkia mrefu aliyetoka Asia, ambaye huko Uingereza hadi leo hulelewa na kuachiwa kwa makumi ya mamilioni kila mwaka ili apigwe bunduki. Jina hilo la kuazima limebaki. Mtu wa Durban akialikwa na wenzake kwenda kupiga *fisant* katika mashamba ya ndani ya KwaZulu-Natal, atakayekutana naye huko ni kwale. Wazulu hawakuhitaji kuazima: aina mojawapo ya ndege hawa huiita *inkwali*, na Mswahili alisikiapo neno hilo kwa mara ya kwanza hahitaji mkalimani.

Mwaliko wa namna hiyo ulimfika kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi Durban, naye akanipelekea swali. Hakuuliza avae viatu gani wala achukue nguo za aina gani kwa baridi ya alfajiri ya huko juu. Aliuliza kama ana haki ya kumuua ndege ambaye hana haja ya kumla, ilhali nyama ya kuku inauzwa mtaani kwake. Ni swali zito, na wengi hulijibu kwa haraka, ama kwa kukataa kwa huruma au kwa kukubali kwa kicheko. Nadhani majibu yote mawili yanakosea mahali pa kutazama. Wote wawili, mwenye huruma na mwenye kicheko, wanaitazama sekunde ile ya bunduki kulia. Mimi naona kwamba sekunde hiyo haina maadili yoyote ndani yake, kwa kuwa haina nafasi ya kufikiri. Kwale hujibana katika nyasi mpaka anapokaribiwa mno, kisha hulipuka kwa kishindo cha mabawa, na mwindaji amebakiwa na muda usiotosha hata kuvuta pumzi. Atakalolifanya hapo limekwisha kuamuliwa siku nyingi nyuma, au halikuamuliwa kamwe. Kwa hiyo, haki ya kuwinda, kama ipo, hupatikana au hupotea katika matayarisho.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani kwamba ikisharidhika sheria, dhamiri nayo imeridhika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, namba 60 ya mwaka 2000, inamtaka anayetaka kumiliki bunduki apate mafunzo, afaulu mtihani, apewe na polisi cheti cha umahiri, ndipo aombe leseni. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu hapewi cheti hicho. Kuna pia kibali cha uwindaji kutoka Ezemvelo KZN Wildlife, idhini ya mwenye shamba, na msimu wenyewe, ambao ni wa miezi ya baridi. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye leseni kumwachia mtu mwingine aitumie bunduki yake, maadamu anamsimamia kwa karibu, kwa shughuli halali na kwa usalama. Maana yake ni kwamba kijana wetu, ambaye pengine hajapata kushika bunduki maishani, anaweza kukabidhiwa silaha asubuhi na kumlenga kiumbe hai kabla jua halijapanda. Sheria imetimiza kazi yake, yaani kuwakinga watu dhidi ya bunduki. Haikuahidi kumkinga kwale dhidi ya mtu asiyejua kulenga. Ulinzi huo umeachiwa dhamiri.

Na dhamiri hapa inadai maarifa. Bunduki ya marisau haitoi risasi moja; hutoa wingu la chembe ndogo ambalo hutanuka kadiri linavyosafiri. Ndani ya mita 30 hivi, wingu hilo bado limeshikana, na ndege aliyelengwa vyema hufa papo hapo. Mbali zaidi ya hapo huanza kuwa na mianya. Ndege haponi wala hafi. Hupigwa na chembe mbili tatu, huanguka mbali, hukimbilia kichakani kwa miguu yake hodari, na hufa usiku au kesho yake bila kuonekana na mtu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walikuwa wanazungumzia udhaifu wa fimbo. Marisau ya mbali yana ubaya ulio mkubwa zaidi, kwani yanaumiza pasipo kuua. Kwa hiyo siku anazozitumia mtu kufyatulia visahani vya udongo virushwavyo hewani, mpaka jicho lijue mita 30 zinafananaje na mita 50, zinapaswa kuhesabiwa kuwa deni analomlipa ndege kabla ya kukutana naye. Na somo kubwa la siku hizo ni kutambua shabaha isiyofaa na kuteremsha mtutu. Mwindaji mpya huona haya kutopiga mbele ya wenzake. Asipoishinda haya hiyo kabla, ndege ndiye atakayeilipia.

Kwa Mwislamu wa pwani, matayarisho yana mlango mwingine, nao ni mgumu zaidi. Uwindaji kwa ajili ya chakula umehalalishwa, na Kurani inataja wanyama waliofunzwa kuwinda na kulitaja jina la Mungu juu ya mawindo yao. Yapo pia mapokeo kuhusu shomoro anayemshitaki mbele ya Mungu mtu aliyemuua bure, bila manufaa. Hadi hapo njia ni wazi: ua ili ule. Lakini kuna suala la chombo. Mafakihi walitenganisha kinachochoma na kupenya na kinachoua kwa uzito wa pigo, na mawindo yaliyokufa kwa pigo wakayahesabu kama mzoga. Bunduki ilipokuja wakatofautiana. Wapo waliohalalisha alichokiua, kwa kuwa risasi hupenya. Na wapo, wakiwemo wengi wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, waliosema haliwi mpaka liwahiwe likiwa hai na kuchinjwa.

Tuitazame hali ya mtu anayefuata kauli hiyo ya pili. Huruma inamtaka apige vizuri hata ndege asihisi lolote. Lakini akipiga vizuri hivyo, nyama kwake ni haramu, na ndege amekufa bure, yaani amekuwa yule shomoro. Ili ale, itambidi atumaini kwamba ndege ataanguka akiwa na majeraha, angali hai, mpaka kisu kimfikie. Ustadi wake unamnyima chakula, na chakula chake kinategemea kukosa ustadi. Sioni njia ya kulifungua fundo hili akiwa ameshasimama kondeni na bunduki mkononi. Lazima lifunguliwe nyumbani. Akiwa na yakini na kauli ya wanaoruhusu, basi na alitaje jina la Mungu afyatuapo, na ajifunze kuua kwa pigo moja. Akiwa na yakini na kauli ya tahadhari, uaminifu unamtaka aiache bunduki ya marisau, hata kama ataendelea kufuatana na wenzake. Lisilofaa ni kwenda bila kuchagua, kisha kuchagua kauli kwa kutazama ndege aliyeanguka yuko katika hali gani.

Kuna atakayesema kwamba yote haya ni kulizunguka swali: kwa nini auawe hata mmoja, ikiwa hakuna njaa? Mwanafalsafa Mhispania José Ortega y Gasset, katika dibaji ndefu aliyoiandika mwaka 1942 kwa kitabu cha uwindaji cha mtu mwingine, alijaribu kujibu kwamba mwindaji wa starehe hakitafuti kifo chenyewe. Anakihitaji ili uwindaji uwe wa kweli. Ni hoja ya kuvutia, ila inanitia shaka. Inamgeuza ndege kuwa muhuri wa kuthibitisha kwamba sisi tumeishi jambo la kweli. Uhai ni bei kubwa mno kwa muhuri. Hata hivyo, mwenye kulaumu naye ana hesabu yake. Kijana wa Tanga hana haja ya kwale, lakini hakuwa na haja ya kuku wa jana pia. Kuku yule aliishi wiki chache chini ya paa la bati na akachinjwa na mtu asiyemjua. Tofauti iliyopo ni kwamba kuku aliuawa kwa niaba yake, na kwale atauawa kwa mkono wake. Haja haiwatenganishi wawili hao. Kinachowatenganisha ni nani anayekibeba kitendo kizima: kutafuta, kuua, kunyonyoa, kupasua, kula na kutotupa. Anayekibeba kitendo chote kwa macho wazi hajawa mtakatifu, ila walau anaijua bei ya chakula chake. Anayetaka kipande cha kufyatua peke yake, na mengine awaachie vibarua wa shamba, hana hata faida hiyo.

Na Durban si mahali pa mtu kuishika bunduki kana kwamba haina historia. Mwaka 1873 serikali ya koloni la Natal ilimwandama Langalibalele, chifu wa Wahlubi, katika mzozo ulioanzia kwenye bunduki ambazo vijana wake walizipata kwa jasho lao katika machimbo ya almasi na hawakuziandikisha. Alihukumiwa na kupelekwa kisiwa cha Robben. Mwaka huohuo meli ya Kiingereza iliwashusha Durban watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, ambao wazao wao wanaitwa Wazanzibari mpaka leo. Waliishi Bluff, wakahamishwa kwa nguvu miaka ya 1960 kupelekwa Chatsworth. Katika lugha yetu kitenzi kilichotumika juu ya babu zao ni kilekile tunachokitumia juu ya kwale: walisakwa. Sisemi kwamba ndege na mtu ni sawa. Nasema kwamba Mswahili anayetamka "nakwenda kusaka" katika mji ule anatamka neno lenye uzito, na kuujua uzito huo ni sehemu ya matayarisho.

Jibu langu kwa kijana lilikuwa fupi kuliko insha hii. Nilimwambia aende, ila safari ya kwanza asichukue bunduki. Atembee na waswagaji, awasikie kwale wakiitana alfajiri, aone wanavyoruka na wanavyoanguka. Mmoja akijeruhiwa, awe miongoni mwa wanaomtafuta mpaka apatikane, hata kama wenzake wameshachoka. Jioni aketi na kisu na ndoo, anyonyoe, asafishe. Kama baada ya hayo bado anataka kurudi, atakuwa na msimu mzima wa kujifunza kulenga na wa kuitafuta yakini yake. Na kama hataki, atakuwa amelijibu swali lake bila kiumbe yeyote kufa ili yeye afikiri.