Mfinyanzi na Udongo: Suala la Chanzo Kikuu na la Kujijua katika Mji wa Kale wa Mombasa

Utangulizi

Maswali mawili yameandamana tangu mwanadamu aanze kutafakari: vitu vyote vimetoka wapi, na huyu anayeuliza ni nani? Katika mapokeo mengi ya fikra maswali haya hutengwa. La kwanza huachiwa elimu ya dini au ya maumbile, na la pili huachiwa maadili. Falsafa ya kiroho ya Bara Hindi, hususan ile ya Upanishadi, inashikilia kwamba swali ni moja tu, na kwamba anayelijibu nusu yake hajalijibu kabisa. Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo kwa kuliweka mahali ambapo wafuasi wa dini za Kihindi na watunzi wa Kiswahili wameishi ukuta kwa ukuta, yaani Mombasa. Hoja inayotetewa ni kwamba kufanana kwa swali hakuthibitishi kufanana kwa jibu, na kwamba mhakiki anayeziunganisha fikra hizi kwa haraka hulipoteza lile hasa ambalo kila moja inamdai mwanadamu.

Haraka ya namna hiyo ina historia ndefu kisiwani. Meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba watu wawili waliotumwa mjini walifikishwa katika nyumba ya wafanyabiashara wawili, wakaonyeshwa karatasi yenye mchoro ambao wenye nyumba waliutukuza. Wareno waliamini kuwa huo ulikuwa mchoro wa Roho Mtakatifu na kuwa wale walikuwa Wakristo wenzao. Katika karne ya 19 Richard Burton alikisia kwamba mchoro huo ulikuwa wa Kihindu, wa njiwa anayehusishwa na Shiva. Kisio hilo ni kisio tu, lakini kosa lenyewe lina funzo. Wageni walitazama imani ya watu wengine wakaiona sura yao wenyewe. Walidhani wamewajua wenzao, kumbe walikuwa mbele ya kioo.

Chungu na Udongo

Katika Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya zile kongwe, kijana Shvetaketu anarudi nyumbani baada ya miaka 12 ya masomo akiwa amejaa majivuno. Babake, Uddalaka, anamuuliza iwapo amefundishwa lile ambalo likijulikana, hata yasiyojulikana huwa yamejulikana. Kijana hana jibu. Baba anaanza kumfundisha kwa mifano ya nyumbani: aliyeujua udongo amevijua vyombo vyote vya udongo, kwa kuwa vyombo hutofautiana kwa majina na maumbo tu. Baadaye anamwagiza atie chumvi majini, na kesho yake aitafute. Chumvi haionekani, lakini maji yakionjwa juu, kati na chini, ladha ni ile ile. Kila mfano unamfikisha kijana pale pale, kwamba kiini kisichoonekana ambacho ulimwengu wote umetokana nacho ndicho kiini chake yeye mwenyewe.

Namna ya kufundisha hapa inastahili kuangaliwa sambamba na mafunzo yenyewe. Uddalaka hatoi fasili. Anampa mwanawe kazi ya kutenda, ya kupasua mbegu na kuonja maji, na ujuzi unapatikana ulimini kabla ya kupatikana katika maneno. Swali lililoanza kwa kutazama nje linageuka njiani na kumrudia muulizaji. Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, aliyajengea mafunzo haya mfumo kamili: Brahmani, yaani chanzo cha vyote, na atma, yaani nafsi ya ndani kabisa, si viwili. Katika mfumo huo athari haitofautiani kihakika na sababu yake, kama vile chungu kisivyokuwa kitu kingine mbali na udongo. Basi kujijua si kujirekebisha hatua kwa hatua. Ni kuondokewa na ujinga wa kudhani kwamba jina na umbo ndiyo hakika.

Kwa msemaji wa Kiswahili taswira hii haina ugeni. Mtungi, chungu, kaango na chetezo vyote hutoka katika udongo. Hata hivyo, fasihi ya pwani imezoea kumtafuta mfinyanzi zaidi ya kuutafuta udongo. Hata methali isemayo kuwa mfinyanzi hulia gae inamweka mfinyanzi kando ya chombo chake: yeye ni mmoja na kazi ya mikono yake ni nyingine. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ndiyo inayozitenga njia mbili za kujijua.

Pamba na Moto

Mwanachuoni ambaye fikra zake zimeingia sana katika elimu ya dini ya pwani ni Imamu al-Ghazali (1058–1111). Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, al-Ghazali anatoa mfano wa pamba iliyokaribiana na moto. Mazoea yanatuambia kwamba moto ndio uunguzao. Yeye anajibu kwamba tunachokiona ni mambo mawili yanayofuatana tu, na kwamba anayeunguza ni Mwenyezi Mungu kwa hiari yake. Athari, kwa mtazamo huu, haikuwa imelala ndani ya sababu yake ikingoja kudhihirika. Kila tukio linahitaji upya irada ya Muumba.

Mwanachuoni huyo huyo anakifungua kitabu chake cha Kimiya al-Saada kwa suala la kujijua, akilifanya kuwa ufunguo wa kumjua Mungu. Usemi mashuhuri wa masufii unaofungamanisha kuijua nafsi na kumjua Mola, ambao wataalamu wa Hadithi hawakuuthibitisha kuwa neno la Mtume, umeenea katika upeo huo wa fikra. Kwa nje usemi huo unakaribiana mno na mafunzo ya Uddalaka. Kwa ndani unaelekea kwingine. Anayejitazama kwa macho ya al-Ghazali hagundui kuwa yeye ndiye chanzo. Anagundua kwamba angeweza asiwepo, kwamba uhai wake ni amana, na kwamba aliyempa amana ataidai. Mfano wa udongo unazaa ujuzi wa umoja, na mfano wa pamba unazaa ujuzi wa uja.

Moyo Unaohojiwa

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika fasihi. Upanishadi ya Katha inamsimulia kijana Nachiketa aliyefika kwa Yama, mwenye enzi ya mauti, na kupewa fursa ya kuomba mambo matatu. Ombi la tatu linahusu hali ya mtu baada ya kufa. Yama anajaribu kumtoa katika swali hilo kwa kumwahidi mifugo, dhahabu, umri mrefu na starehe. Nachiketa anakataa, kwa kuwa vyote hivyo huchakaa. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa takriban mwanzoni mwa karne ya 19, unaanzia pale ambapo majaribu ya Yama yamekwisha kufanya kazi yake. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe na kuutembeza katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Kijana wa Katha anaukataa utajiri kabla ya kuupata. Moyo wa Al-Inkishafi unaonyeshwa utajiri uliopatikana, ukafurahiwa, na sasa umekuwa makao ya popo na wadudu.

Hadi hapo kazi hizi mbili zinakwenda pamoja: mauti ndiyo mizani, na anayetaka kujijua hana budi apimwe nayo. Baada ya hapo zinaachana. Nachiketa anafunzwa kwamba nafsi ya kweli haikuzaliwa na haifi, hivyo ujuzi unamwondolea hofu. Moyo wa Al-Inkishafi unaambiwa kwamba utakufa na kwamba utahojiwa, hivyo ujuzi unaupa hofu iliyo mahali pake. Mhakiki akizifunika kazi zote mbili kwa neno moja kama vile “usufii” au “fikra za Mashariki”, atakuwa ameufuta mgongano ambao ndio uhai wake. Haiwezekani mtu awe amekombolewa na hofu na wakati huo huo awe ameipata kwa mara ya kwanza.

Majirani na Msamiati

Inafaa sasa kuuliza ni kwa kiasi gani mazungumzo haya yamewahi kufanyika Mombasa kwenyewe. Msamiati unatoa jibu lisilofurahisha. Pesa, laki, hundi, bima, gari, bangili na chapati ni maneno ambayo Kiswahili kimeyapata kutokana na lugha za Bara Hindi. Milango ya nakshi na roshani za Ndia Kuu pia zina athari za mafundi kutoka upande huo wa bahari. Lakini msamiati wa nafsi, roho na dhati umetoka Uarabuni, na ule wa moyo, mtu na utu ni wa Kibantu. Atma, karma na moksha hazikupata makao katika ushairi wa Mvita. Vitu vya dukani vilivuka ukuta, na mambo ya fikra yalibaki nyumbani mwa wenyewe.

Kizuizi kilikuwa cha pande zote mbili. Ibada za Kihindu ziliendeshwa kwa Kisanskriti na Kigujarati, na hazikulenga kuwavuta wenyeji. Matabaka ya kuzaliwa yalitia mipaka hata katika kula pamoja. Kwa upande wa Waswahili, Mhindu aliitwa Baniani, neno ambalo asili yake ni jina la tabaka la wafanyabiashara, yaani jirani alipewa jina la kazi yake. Methali isemayo kuwa Baniani mbaya, kiatu chake dawa inakiri kwamba manufaa ya mtu yanaweza kupokelewa huku mwenyewe akidharauliwa.

Ujinga huo ulikuwa na gharama ya kifikra. Aliyemdhani Baniani kuwa kitu kimoja hakujua kwamba kisiwani mna zaidi ya jibu moja la Kihindi. Wafuasi wa Swaminarayan, wenye hekalu lao Mombasa, wanatokana na mafunzo ya Sahajanand Swami (1781–1830), ambayo yako karibu zaidi na Ramanuja kuliko Shankara: nafsi haimezwi na Mungu, bali hubaki kuwa mtumishi wake mwenye mapenzi. Hapa Mhindu wa Mombasa anakaribiana na mtunzi wa Al-Inkishafi kuliko anavyokaribiana na Shankara. Wajaini nao, ambao hekalu lao la marumaru liko Barabara ya Langoni, hawakubali kuwapo kwa muumba wala chanzo cha kwanza. Ulimwengu, kwao, hauna mwanzo, na nafsi hujikomboa kwa juhudi yake na kwa ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote. Kutoka Langoni hadi misikiti ya Mji wa Kale ni mwendo wa miguu. Katika mwendo huo swali la chanzo kikuu hupata majibu yanayokanushana, na hakuna hata moja kati ya majibu hayo linaloweza kuitwa “falsafa ya Kihindi” pasipo maelezo zaidi.

Kipimo cha Utu

Kuna pingamizi la kimaadili ambalo limekuwa likielekezwa kwa Shankara. Ikiwa wingi wa watu ni wa majina na maumbo tu, mateso ya mwenye njaa ni ya nani, na kwa nini mtu ayajali? Swami Vivekananda (1863–1902) aliligeuza pingamizi hilo kuwa hoja: kwa kuwa nafsi ni moja, anayemtumikia mhitaji haoni tena mpaka kati yake na yule. Jibu hilo lina nguvu, lakini linaacha shaka, kwa sababu linamfanya jirani apendwe kwa kuwa si mwingine.

Utenzi wa Mtu ni Utu wa Ahmad Nassir Juma Bhalo, mzaliwa wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, unaikabili shaka hiyo kwa njia nyingine. Humo utu haupatikani kwa kuchimba ndani ya nafsi mpaka kufika chini kabisa. Unathibitika kwa vitendo, kati ya mtu na mtu. Mwenzake anabaki kuwa mwingine, mwenye haki ya kudai, na katika kuitikia dai lake ndipo mtu anapojua yeye ni nani. Katika fikra hii, mtu hawezi kumaliza kujijua akiwa peke yake.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyaweka mapokeo ya Kihindi upande wa nadharia na ya Kiswahili upande wa vitendo. Katha yenyewe inasisitiza kwamba asiyeacha uovu hawezi kuifikia nafsi kwa werevu wa akili, na Mjaini hujaribiwa kila siku katika anachokula na anapokanyaga. Kila upande unakataa kuuita ujuzi ule usiobadili mwenendo wa mjuzi. Wanagombana juu ya chanzo, lakini wanakubaliana juu ya dalili ya kwamba chanzo kimejulikana.

Hitimisho

Ikiwa dalili hiyo ni mwenendo, basi ujirani wa Mji wa Kale ni mtihani kwa wote waliomo. Mfano wa namna ya kuufanya mtihani huo upo katika historia ya Uislamu. Katika karne ya 11 al-Biruni alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, akazieleza imani za Wahindu jinsi wenyewe walivyozieleza. Mwaka 1657 mwanamfalme Dara Shikoh alikamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, na miaka miwili baadaye akauawa kwa amri ya nduguye Aurangzeb, aliyekuwa akigombea naye kiti cha enzi na aliyemtuhumu kuwa ameritadi. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyesema kwamba Uislamu na Uhindu ni dini moja. Walichofanya ni kuuliza na kungoja jibu.

Kazi ya namna hiyo ingali inawangoja wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili: kuzisoma Upanishadi kandokando ya Al-Inkishafi, na kuzifasiri kwa Kiswahili kitakachoamua, neno kwa neno, kama atma ni nafsi, roho, moyo au si lolote kati ya hayo. Uamuzi huo utamlazimisha mfasiri kusema anachoamini kuhusu nafsi yake mwenyewe, na pia kumuuliza jirani ambaye hadi sasa amejulikana zaidi kwa kiatu chake.