Subira si kumnyamazisha mgonjwa

Mtoto wa Micheweni mwenye selimundu (sikoseli) hulia usiku kwa maumivu ya mifupa. Kukicha, mmoja atasema kachezewa, mwingine atasema ni adhabu ya makosa ya wazazi, na wa tatu atamwambia: "Subiri, mwanangu." Neno hilo atalisikia utoto wake wote.

Maradhi haya ni ya kurithi. Baba na mama wakiwa na vinasaba vyake, ingawa wenyewe ni wazima, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kumpata mtoto mgonjwa. Na anayerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Iko wapi laana hapo?

Tunamtaja Nabii Ayyub (a.s.) kwa subira, tukasahau alivyosubiri. Alimlalamikia Mola wake kuwa amepatwa na dhara (21:83), na malalamiko hayo hayakumtoa katika subira. Kisha akaamrishwa apige mguu wake ardhini, yakapatikana maji ya kuoga na kunywa (38:42). Dua, kisha kitendo. Naye Mtume (s.a.w.) ameamrisha kutafuta dawa.

Basi subira ni ibada ya mgonjwa, si kisingizio cha mzima. Wajibu wa mzima ni kumfikisha mtoto hospitali, kupima damu kabla ya ndoa, na kutomchapa madrasa aliyekosa darasa kwa maumivu. Kombe na dua viendelee, lakini visishike nafasi ya daktari. Na mtoto akilia, tusimwambie imani yake ni dhaifu. Huenda inayopimwa usiku huo ni yetu.

Wallahu aalam.