Ukuta Unapochanua
Mimi ni fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar. Ule unga mweupe unaotoka ukutani Waingereza huuita efflorescence, neno lenye asili ya Kilatini: efflorescere, kuanza kuchanua, flos ni ua. Maji hupanda kutoka chini, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye mawe ya matumbawe, kisha hukauka na kuiacha nje. Uonje: munyu mtupu. Watu huuziba ukuta kwa lipu ya saruji. Unyevu hukosa pa kutokea, na jiwe humomonyoka ndani kwa ndani.

Je, dhambi nayo si hivyo? Tunapamba zahiri, batini inateketea. Naamini toba ni kuacha chumvi itoke mbele ya Mungu, hata ikichafua ukuta. Ndugu yangu, bandua hiyo saruji.