Nani Anashika Mizani ya Moshi?

Rafiki yangu aliniazima kifaa kidogo cha kupimia vumbi la hewani, kinaenea mfukoni. Nikakiweka dirishani hapa Segerea, nia yangu ikiwa kuikamata mitambo ya umeme ya majirani zetu wa Kinyerezi. Kusema kweli nusu ya makala nilishaiandika kichwani. Bahati mbaya mitambo ile inachoma gesi asilia, na gesi haitoi majivu na masizi kama makaa ya mawe. Inayo madhara mengine, oksidi za nitrojeni kwa mfano, lakini kifaa changu hakizioni. Namba ikatulia usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri ikaruka hadi tarakimu tatu: mama wa jirani, muuza maandazi, alikuwa amewasha jiko la mkaa.

Sasa namba ile niifanyie nini? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake: wastani wa vumbi laini kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa meta moja ya ujazo. Mama yule anasomesha watoto kwa maandazi. Nikajikuta nimemshitaki mtu asiye na mwanasheria, kwa ushahidi ambao hakujua unakusanywa.

Sokoni tumezoea Wakala wa Vipimo aje kukagua mizani ya muuza nyama, maana hakuna anayetaka muuzaji ajithibitishe mwenyewe. Kwenye bomba la mtambo wa makaa ya mawe mambo yamekaa vingine. Njia ya zamani ni fundi kupanda ngazi hadi kwenye tundu lililoachwa ubavuni mwa bomba, anaingiza mrija, anavuta moshi upite kwenye kichujio, halafu kichujio kinapelekwa maabara kupimwa uzito. Kazi ya joto, na ya saa chache tu. Mwenye mtambo anajua mgeni anakuja siku gani. Anaweza kuchagua makaa yenye salfa kidogo, akapunguza mzigo, mgeni akaondoka ameridhika. Njia nyingine ni vifaa vinavyokaa bombani na kusoma moshi usiku na mchana. Ni bora zaidi, ila mara nyingi anayevitunza ni huyo huyo mwenye bomba. Mwaka 2015 Volkswagen walikamatwa Marekani kwa sababu programu ya magari yao ya dizeli ilikuwa inatambua kwamba gari liko kwenye majaribio, basi moshi unakuwa na adabu muda huo tu. (Binadamu tulijifunza hilo bila programu.)

Hapo ndipo ninapowafikiria watu wa Lamu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,000 hivi, si mbali na mji wa kale ulioko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nimewahi kubishana na mtu aliyesema wangeuacha ujengwe, kisha wapime. Siafiki hata kidogo. Kipimo cha bombani huja wakati bomba limeshasimama na mtoto ameshavuta. Kuulizwa lazima kutangulie.

Na mimi je? Nilimpima jirani bila kumwuliza.

Nikaenda. Nilimkuta anafuta meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza, nikamwonyesha. Akaitazama namba kimya, kisha akaniuliza mtungi wa gesi unajazwa shilingi ngapi siku hizi, wakati bei anaijua kuliko mimi. Halafu akasema nikiache kifaa kwake, "nione mwenyewe." Nilitaka kumwambia ni cha kuazima. Wiki ya pili sasa kinaning'inia kwenye msumari juu ya karai lake, na rafiki yangu ameanza kunipigia simu.