Usiuze Kahawa Ingali Maua

Masomo: Mwanzo 25:29–34, Nehemia 5:1–13



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya jambo lisilotajwa sana mimbarani, ingawa limo katika nyumba nyingi za Wakristo wetu. Jambo hilo ni butura. Mwenye shida humwendea mwenye fedha, humwonyesha mibuni yake ingali na maua au matunda mabichi, akapewa fedha kidogo. Siku ya mavuno mwenye fedha huja kuichukua kahawa. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wana jambo linalofanana na hilo katika korosho, wao huliita kangomba.

Serikali imekataza butura mara nyingi. Mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika. Hata hivyo butura haikufa, kwa sababu amri peke yake haitii unga chunguni wala haimnunulii mtoto daftari. Basi tukitaka iondoke kwetu, yatupasa tuitazame kwa hekima ya Neno la Mungu.

Esau na chungu cha dengu

Esau hakuwa mvivu. Alitoka porini amechoka, ana njaa kweli. Njaa si dhambi. Kosa lake ni kwamba aliitazama njaa ya siku moja kana kwamba hakuna kesho, akatoa haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha jioni moja. Alikula, akanywa, akaondoka zake. Chakula kilikwisha siku ile ile, lakini hasara ilibaki maisha yake yote.

Lakini tusimlaumu Esau peke yake. Chungu kilikuwa cha Yakobo. Alimwona ndugu yake wa tumbo moja ana njaa, naye badala ya kumpakulia akamtajia bei. Katika butura pia wako watu wawili, na Neno la Mungu lina la kusema na kila mmoja wao.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme mtu anapewa shilingi 50,000 mwezi wa Desemba, kwa ahadi ya gunia moja la kahawa. Ifikapo Juni, gunia lile lingeuzwa kwa shilingi 150,000. Mtu huyu amekopa 50,000, akalipa 150,000. Faida aliyotoa ni mara mbili ya mkopo wenyewe, kwa miezi sita tu. Angeambiwa na benki alipe hivyo, angekimbia. Lakini kwa kuwa hakuona fedha zikitoka mkononi mwake, bali aliona mti tu, hakujua ametoa kiasi gani. Ndiyo maana wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Robusta huchukua kama miezi 9 hadi 11 tangu ua mpaka tunda kuiva. Katika miezi hiyo mama amepalilia, amepogolea, amefukuza mifugo shambani. Watoto nao watachuma. Kumbe baba ameuza zamani, peke yake, bila kumwambia mtu. Siku ya mavuno mama anaona gari la mgeni limesimama shambani. Je, nyumba hiyo itakuwa na amani? Mara nyingi tunaitwa kupatanisha mume na mke, tukidhani ugomvi umetokana na pombe au ulimi mkali, kumbe mzizi wake ni gunia la kahawa lililouzwa likiwa maua.

Na mnunuzi wa butura huwa na haraka. Huchuma mbivu na mbichi pamoja, asije mwenzake akamtangulia. Hivyo kahawa nzuri ya Kagera huharibiwa jina, na bei hushuka kwa wote, hata kwa yule aliyengoja.

Neno kwa mwenye fedha

Katika Mambo ya Walawi 25:14–16 Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mtu akimwuzia mwenzake shamba, bei ihesabiwe kwa mavuno yaliyobaki mpaka mwaka wa yubile. Yakiwa mengi bei ipande, yakiwa machache ishuke, wala mtu asimpunje ndugu yake. Mungu anajua kuwa anayeuza namna hii anauza mavuno, naye anataka mavuno yahesabiwe kwa haki.

Tena soma Nehemia sura ya 5. Watu walipiga kelele, waume na wake zao. Wengine waliweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, wengine walikopa fedha za kodi ya mfalme, hata watoto wao wakatiwa utumwani. Na waliowakopesha hawakuwa wageni. Walikuwa Wayahudi wenzao, waliokuwa wakijenga pamoja ukuta wa Yerusalemu. Nehemia hakusema, "Ngojeni kwanza tumalize ukuta." Aliita mkutano, akawakemea wakuu mbele ya watu, akasema pia kwamba hata yeye na ndugu zake walikuwa wakikopesha fedha na nafaka. Ndipo wale wakuu wakaahidi kurudisha mashamba, nyumba na faida waliyotoza.

Ndugu, ikiwa unanunua butura na Jumapili unaimba kwaya, Nehemia anasema nawe. Pengine unajibu, "Nimemsaidia, alikuwa na mgonjwa." Kama ulitaka kumsaidia, ungemkopesha akurudishie fedha zako, si mavuno yake. Na bati la kanisa lililonunuliwa kwa butura ya mjane halimpendezi Mungu, hata likiwa jipya.

Wazee wetu wa Uamsho walituachia mfano. Moto ule ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka hata pande zetu, haukuishia katika nyimbo. Waliookoka walirudisha walivyoiba na walivyodhulumu, wengine wakienda kwa miguu kutafuta wenye mali. Zakayo naye alifanya vivyo hivyo (Luka 19:8). Basi kama unashikilia mibuni ya ndugu yako, nenda kwake kabla ya mavuno. Fanyeni hesabu upya mbele ya mashahidi. Chukua fedha uliyotoa, umwachie kahawa yake.

Neno kwa mkulima

Hekima haiji siku ya shida. Siku hiyo mtu hana la kuchagua. Hekima huja siku ya mavuno, wakati fedha zimo mkononi. Yusufu hakungoja njaa ifike Misri ndipo ajenge ghala. Alishauri sehemu ya 5 ya mazao iwekwe wakati wa miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Kwa hiyo nashauri mambo haya.

Kwanza, kabla ya kuuza kahawa, baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja na daftari. Andikeni shida zinazojulikana. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu bado ni juu yetu, na shule hufunguliwa Januari kila mwaka. Januari si ajali. Tunaijua tangu Juni, basi fedha yake itengwe Juni.

Pili, tenga sehemu kama Yusufu, hata ikiwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Isiwekwe chini ya godoro, ambako kila mgeni na kila sherehe huijua njia. Iwekwe katika kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu wa vikundi hivi ulianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, nao umeenea Afrika nzima. Sanduku huwa na kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Kinachokopwa hurudi na faida kidogo, na faida hiyo hugawiwa wanachama wenyewe.

Tatu, usitegemee mibuni peke yake. Mungu ametupa mvua za vuli na za masika. Maharage yaliyopandwa vuli huvunwa kabla kahawa haijaiva, na yanaweza kumvusha mtu katika miezi ile migumu. Chungu huweka chakula wakati wa mavuno bila msimamizi (Mithali 6:6–8). Je, sisi tunaolima vuli na masika tushindwe na mdudu?

Nne, ikikubidi kukopa, kopa fedha ulipe fedha. Iandikwe kiasi, tarehe na mashahidi, kama Yeremia alivyofanya aliponunua shamba la Anathothi (Yeremia 32:9–12). Wala usitie saini gizani. Jambo ambalo huwezi kumwambia mkeo, usilifanye.

Neno kwa kanisa zima

Kuna shida zisizongoja daftari, kama ajali, uzazi mgumu au msiba. Hapo mtu akiachwa peke yake, atauza maua yake hata akihubiriwa kila Jumapili. Yakobo anatuonya tusimwambie mwenye njaa aende kwa amani huku hatumpi kitu (Yakobo 2:15–16). Basi kila mtaa wa parokia na uwe na mfuko mdogo wa kukopesha wenye dharura bila faida, ukitunzwa na watu wanaoaminika na hesabu zake zikisomwa hadharani. Viongozi wa vyama vya msingi walio Wakristo nao wakumbuke kwamba malipo yakichelewa, mkulima husukumwa kwa mlanguzi. Kumlipa mkulima kwa wakati ni ibada pia.

Safari hii mibuni itakapochanua, kila mmoja apite shambani pamoja na jamaa yake, amshukuru Mungu kwa maua, na kuyaacha yawe matunda. Na ukipita shamba la jirani ukasikia ana shida, usimwulize anauza kwa bei gani. Mwulize anahitaji nini.

Mungu atupe akili ya kutunza, moyo wa kurudisha, na mkono wa kusaidia. Amina.

Ndimi mtumishi wenu katika Kristo.